KUFUNGA DAMPA YA STERINGI KWENYE XL NA NDUGU ZAKE: BRAKETI, MNARA NA SHINGO YA FREMU

Suala hili linarudi kila mara kutoka kwa vijana wanaoendesha XL, XR, DT na KLX hapa Unguja, wengine wanakodisha kwa wageni, wengine wanakwenda shamba kila siku: steringi inapiga, usukani unataka kutoka mkononi, je nifunge dampa? Na nikiamua kufunga, naifunga wapi, maana pikipiki haikuja na pa kuifungia? Nimeona bora niyaweke yote pahala pamoja, mtu akihitaji asome, ikibidi achapishe ampelekee fundi wake.

Tuanze na chombo chenyewe. Aliyewahi kulala chini ya Land Rover au Land Cruiser hardtop keshaiona: kishokapu chembamba kimelala sambamba na fimbo za steringi. Hakibebi gari. Kazi yake ni kwamba tairi likigonga jiwe, kile kipigo kisirudi mikononi mwa dereva. Ya pikipiki ndo hiyo hiyo, ila ndogo. Ndani mna mafuta na tundu dogo. Ukikata steringi polepole mafuta yanapita bila ya shida, hujui hata kama dampa ipo. Jiwe likipiga tairi ghafla, mafuta yanataka kupita kwa kasi, tundu linakataa, na steringi inagoma kwenda. Kwa hiyo inazuia kwa kadiri ya kasi ya kipigo. Hapo ndipo inapotofautiana na zile za pikipiki za Kiingereza za zamani, BSA na Triumph, zilizokuwa na kirungu juu ya shingo. Kile kirungu ukikikaza kinabana washa za msuguano, na zinabana vile vile ukiwa unakwenda mbio au unageuza uwanjani. Wazee wetu wengi walikiacha kimelegea tu.

Siku hizi ziko aina mbili. Moja ni ya kuzunguka, kiboksi kidogo kinachokaa juu ya usukani au chini yake, ndani yake mna kibawa kinachosukuma mafuta. Inayojulikana zaidi ni Scotts ya Marekani, inayotengenezwa na Öhlins wa Sweden, na wapo GPR na wengine. Ya pili ni ya mrija, kama shokapu ndogo, inabanwa ubavuni. Watu wa mbio za jangwani wamekuwa wakizifunga kwa miaka mingi, na hata kiwandani zimeanza kuwekwa: Yamaha Ténéré 700 World Raid ya 2022 ilitoka na dampa ya Öhlins tayari. XL ya kukodisha Paje haijatoka nayo, na ndo maana tunazungumza habari ya braketi.

UNGUJA NA MAWE YAKE

Mtu wa bara anaweza kuuliza, kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi na njia kuu zote ni lami, dampa ya nini? Ajaribu kuacha lami. Upande wa magharibi kuna udongo, lakini ukivuka kwenda mashariki na kusini unaingia uwanda, ardhi ya maweni. Jiwe la matumbawe haliko kama kokoto. Limekaa pale pale ardhini, lina meno, na tairi la mbele likiligonga kwa pembeni halisogei, linaloruka ni tairi. Njia za ndani za Muyuni, Kibuteni na Makunduchi zina mawe hayo. Njia ya mawe ya kwenda Uzi kutoka Unguja Ukuu, ile inayopita kwenye mikoko na kufunikwa na maji yakijaa, kwa miaka mingi imekuwa ndo mtihani wa steringi kuliko pahala pengine popote kisiwani: mawe yanateleza, yanazunguka chini ya tairi, na huwezi kusimama ukapumzika kwa sababu maji hayakungoji.

Halafu kuna mchanga. Maji yakikupwa pwani ya Jambiani unaona uwanja mpana mgumu, unafungua moto, mara unaingia kwenye mchanga laini, tairi la mbele linazama na steringi inaanza kwenda kulia na kushoto. Dampa inasaidia kweli hapo. (Tukiwa hapo hapo: mashamba ya mwani ya kina mama si barabara. Vijiti vile na kamba zile ni rizki ya mtu.)

KABLA HUJANUNUA CHOCHOTE

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo roho za watu zinapopotea. Pikipiki nzima, isiyo na ubovu, haitakiwi kutetema steringi kwenye lami. Kama yako inatetema ukitoka Tunguu kwenda Kitogani barabara nzuri, usifunge dampa. Una ubovu, na dampa itauficha. Leo utaona raha, ubovu unaendelea kukua chini yake, na siku utakapozidi nguvu ya dampa utakuwa kwenye kasi kubwa zaidi kuliko ile uliyokuwa ukiiogopa mwanzo. Kwa maoni yangu nusu ya wanaotaka dampa wanahitaji gololi za shingo, basi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na dampa nzuri inayokwenda dola mia kadhaa.

Weka kreti imara chini ya injini, tairi la mbele liwe juu. Mtu mmoja aibane kwa nyuma. Kata steringi polepole kutoka kushoto kwenda kulia kwa vidole viwili. Ukihisi pahala inakamata, hasa katikati pale inapokaa ukienda moja kwa moja, gololi zimechimba vikombe vyake. Kukaza hakuponyeshi, badilisha gololi na vikombe vyote juu na chini. Kisha shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta mbele na sukuma nyuma. Ukisikia kugonga, shingo imelegea. XL nyingi za zamani zina gololi za kumwaga, kwa hivyo ukifungua tandika kitambaa cheupe chini na uzihesabu. Ikipatikana seti ya roli za mteremko zinazoingia kwenye shingo yako, weka hizo, zinadumu zaidi.

Ukimaliza shingo, nenda kwenye tairi. Spoki zote zigonge kwa bisibisi, zitoe mlio unaokaribiana, ile inayolia kama ndoo imelegea. Upepo uwe sawa na unavyoandikwa kwenye kitabu. Angalia uma wa nyuma, ule unaoshika tairi la nyuma: shika tairi usukume kulia na kushoto, bushi zikiisha pikipiki inayumba kutokea nyuma na wewe unadhani ni mbele. Na mzigo. Ukifunga sanduku kubwa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na steringi inakosa utulivu. Hilo halina dawa ya kununua, sogeza mzigo mbele.

Baada ya yote hayo, kama pikipiki imetulia kwenye lami na bado inakupiga mikono kwenye maweni, sasa una haki ya dampa.

BRAKETI NA MNARA

Dampa ya kuzunguka inahitaji pahala pawili pa kushika. Kiboksi chenyewe kinafungwa kwenye kile kinachozunguka, yaani vibano vya usukani. Kijikono chake kinashika pini iliyosimama kwenye kisichozunguka, yaani fremu. Ile nguzo yenye pini ndo inaitwa mnara. Mambo yote ya ufungaji yanahusu vitu hivyo viwili.

Kuna kukaa juu ya usukani na kukaa chini yake. Ya juu ni rahisi: unatoa kibano cha juu cha usukani, unaweka kingine kilichotobolewa kupokea dampa. Urefu wa usukani haubadiliki na unafikia vizuri kurekebisha, ila ukianguka kifua kwanza kuna chuma mbele yako. Ya chini inainua usukani sentimita kadhaa, inafaa kwa mtu mrefu anayeendesha amesimama, lakini waya wa klachi, waya wa moto na mpira wa breki lazima vifike. Kata steringi mwisho pande zote mbili injini ikiwa inawaka. Moto ukipanda wenyewe, waya umekuwa mfupi. Usitoke nyumbani hivyo.

Ukiagiza kiti, chukua vipimo kwanza. Unene wa usukani: za zamani ni milimita 22, ule mnene ni 28.6. Umbali wa kati kwa kati wa bolti za vibano, mbele na nyuma na kwa upana. Mwaka na modeli kamili, kwa sababu XR na XL zinafanana kwa macho lakini shingo zake si lazima zilingane. Na mnara: ziko za kubana kama mkufu kuzunguka shingo, ziko za kushika kwenye bolti ya fremu karibu na tangi, ziko za kuchomelea. Kwa hapa kwetu nachagua mkufu bila ya kufikiri mara mbili.

Kuchomelea kunavutia kwa sababu fundi wa kuchomelea yuko kila mtaa. "Fundi, nitie kichuma hapa shingoni." "Haya shekhe, nusu saa tu." Nusu saa hiyo inaweza kuwa ghali. Shingo ndo pahala pa fremu panapobeba kila kipigo cha tairi la mbele, na chuma chake ni chembamba kuliko kinavyoonekana. Moto ukizidi kinakuwa kigumu pembeni mwa mshono na hapo ndipo ufa unapoanzia. Vikombe vya gololi vikiwa ndani, joto linaviharibu, na umeme ukipita kwenye gololi unaacha madoa. Fremu ya alumini, kama za Honda CRF250R na mashine nyingine nyingi za mashindano, usiiguse kabisa kwa kuchomelea mtaani. Kama huna njia nyingine na fremu ni ya chuma: toa tangi ulipeleke nyumba ya pili, si kulisogeza ukutani; vua gololi na vikombe; chomoa betri na plagi ya CDI; waya wa ardhi ubanwe karibu kabisa na pale panapochomelewa. Kisha paka rangi siku hiyo hiyo, chumvi ya hewa ya hapa haitoi muhula.

Mkufu unaweza kukerezwa hapa hapa. Mpelekee fundi wa kerezo kipimo cha nje cha shingo kilichochukuliwa kwa kalipa pahala patatu, maana si lazima shingo iwe mviringo kamili. Nusu mbili za chuma au alumini nzito, zinabanwa na bolti mbili kila upande, na baina ya nusu hizo ibaki nafasi ndogo zikishakazwa. Zikigusana maana yake hazibani shingo, zinabanana zenyewe. Pini itoke kwenye bolti ya 8.8 yenye shingo laini, kijikono kisisagike kwenye hesi. Mnara usifanywe mnene kupita kiasi. Ukianguka vibaya afadhali mnara upinde kuliko fremu ipasuke.

KUFUNGA KWENYEWE

Funga koki ya mafuta, toa kiti na tangi. Tandika kitambaa, fungua vibano, laza usukani mbele huku kikopo cha mafuta ya breki kikiwa wima, kikilala hewa inaingia na utatafuta breki siku mbili. Kama mkufu unaingia kwa juu, legeza bolti zinazobana miguu ya shokapu kwenye kibao cha juu, fungua nati kubwa ya katikati (27, 30 au 32, inategemea mashine), nyanyua kibao. Hapa ndipo pa kurekebisha mkazo wa gololi, maana dampa ikishakaa utakuwa huwezi kuihisi shingo vizuri. Steringi iwe inaanguka yenyewe pande zote mbili ukiigusa kidogo tairi likiwa juu, bila ya kugonga.

Weka mkufu, rudisha kibao, kaza nati kwa kipimo cha kitabu. Angalia kama kibao kinapita bila ya kugusa mkufu. Sasa mstari: usukani ukiwa sawa mbele, pini ya mnara, kati ya shingo na kati ya dampa viwe kwenye mstari mmoja. Na mhimili wa dampa usimame sawa na mhimili wa shingo, ukitazama kwa ubavu vielekee pamoja. Ukikosea milimita chache dampa itakaza upande mmoja zaidi ya mwengine, na utajikuta unakata kulia vizuri na kushoto kwa shida. Kijikono kikae kwenye pini bila ya kusukumwa juu wala chini. Kikibanwa kwa kimo, kinavuta mhimili wa dampa na sili yake inaanza kutoa mafuta.

Kisha jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka. Kata steringi mpaka mwisho, kushoto, kulia. Kinachosimamisha lazima kiwe vile vinundu vya chuma vilivyoko chini ya shingo. Kisiwe dampa. Kama kijikono kinafika mwisho wake kabla ya vinundu, siku utakayoanguka uzito wote wa pikipiki unakwenda kwenye dampa na mnara. Nyongeza vinundu au rekebisha mnara, usitoke hivyo. Angalia pia nafasi baina ya mnara na tangi, baina ya kiboksi na kishikio cha saa ya mwendo.

Kwa dampa ya mrija hatari ni hiyo hiyo, tena zaidi. Seti za rangi rangi zinazokuja na makontena nyingi zimekusudiwa pikipiki za mbio za lami, ambazo steringi yake inakata kidogo. XL inakata sana. Pima kwa uzi umbali baina ya pahala pa kufungia ukiwa umekata mwisho kushoto, kisha kulia. Tofauti yake iwe ndogo kuliko safari ya fimbo ya dampa, na steringi ikiwa katikati fimbo nayo iwe katikati. Isipotosha, irudishe dukani.

Bolti za milimita 8 za vibano kwa pikipiki nyingi zinakazwa kiasi cha nyutoni mita 20 hadi 25, lakini kitabu cha mashine yako ndo chenye amri. Tia gundi ya nati ya nguvu ya kati, ile ya buluu. Nyekundu iache, utakuja kuifungua kwa moto. Hesi ziwe kavu na safi kabla ya gundi, grisi na gundi havikai nyumba moja.

KUREKEBISHA

Anza ikiwa imelegezwa kabisa. Zunguka mtaani, kisha nenda njia ya mawe unayoijua, ongeza mbonyezo miwili miwili mpaka kile kipigo kipungue. Kipungue, sio kiishe. Ukikaza mpaka hupati habari yoyote ya tairi, umekaza mno. Dalili yake utaiona mwendo wa polepole: pikipiki inayumba kama mlevi kwa sababu mtu anashika mizani kwa kurekebisha steringi kidogo kidogo bila ya kujua, na dampa inamkatalia. Atakayeingia na dampa iliyokazwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Kiponda au Sokomuhogo, atagonga baraza ya watu kabla ya kumaliza kona ya pili. Ukirudi mjini, legeza. Nzuri zake zina kirungu cha juu unachokigeuza bila ya kushuka.

Nyingine zinazuia usukani unapokwenda pembeni tu na kuuachia urudi katikati, nyingine zinazuia pande zote mbili. Kwa mawe napenda ya kwanza. Kwa mchanga mrefu wapo wanaopenda ya pili, na hoja yao ninaielewa.

Kwa wanaokodisha: weka alama ya rangi kwenye kirungu pale penye mpangilio mwepesi, na uirudishe hapo kila pikipiki inaporudi. Mgeni aliyeshuka jana, ambaye bado anajikumbusha kushika kushoto, hahitaji steringi nzito. Na ukaguzi wa gololi uwe wa kila mwezi hata kama dampa imo, chomoa kijikono kwanza, la sivyo utahisi dampa badala ya shingo.

Chumvi ndo adui wa mwisho. Bolti za chuma ndani ya alumini pwani zinashikana mpaka zinakatika, kwa hiyo fungua na usafishe vibano mara moja kwa mwaka, gundi utie upya. Ukitoka pwani suuza kwa maji baridi ya kumwaga, usipige kwa presha kwenye mhimili wa dampa, maji yanapita kwenye sili na mafuta yanageuka kama chai ya maziwa. Yakigeuka hivyo, au ukisikia pahala patupu unapokata steringi haraka, dampa imeishiwa. Ya kufunguka ipelekwe kwa anayejua shokapu, ya bei rahisi haifunguki, itupe.

Mwenye suala la mashine yake aandike hapo chini modeli, mwaka, unene wa usukani na kipimo cha shingo. Ukiandika "nina XL nyekundu" hatutaweza kusaidiana.